Bakuli la Mama Mdogo

Mwamini alirudi kutoka stendi na beseni lake la korosho kichwani, akakuta hakuna mtoto hata mmoja wa kumpokea. Mlangoni pake palikuwa na kuku tu. Watoto wake wote watatu walikuwa upande wa pili wa ua, kwenye baraza ya mke mwenziwe Johari, mikono imezama mpaka viwikoni ndani ya ndoo ya rojo la kijivu, na hakuna aliyegeuka.

Alisimama hapo na beseni lake. Kutwa nzima alikuwa akikimbilia madirisha ya mabasi ya Lindi na Mtwara, ananyoosha pakiti juu, anajibiwa vibaya na watu walioamshwa usingizini, na kila alipochoka alijipa moyo kwamba nyumbani wapo wa kumwambia pole. Sasa alimsikia Yasmin, kitindamimba wake wa miaka sita, akiuliza, "Mama mdogo, hili langu limekuwa zito, nilikamue tena?" Johari akamwambia alikamue mpaka maji yakome kudondoka.

Ridhiwani, mkubwa wao, ndiye aliyemwona kwanza. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe naonekana."

Mtoto akaja mbio kumtua beseni, na vidole vyake vikaacha alama za rojo ukingoni. Mwamini akazifuta kwa upindo wa kanga, taratibu, kama mtu anayefuta kinyesi cha ndege. Johari aliona. Alimwamkia mwenziwe kwa heshima kama siku zote, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe Johari alijifunzia Ikwiriri, zamani alipokuwa akipika uji kwenye shule ya watoto wadogo. Daftari zilizojaa, mifuko ya saruji, maboksi, vyote vinachanwa vipande vipande na kulowekwa siku mbili, kisha vinatwangwa na kuchanganywa na uji mzito wa muhogo. Rojo hilo linabandikwa juu ya bakuli lililofunikwa kwa nailoni. Likikauka, bakuli la chini linatolewa, na karatasi inabaki imekuwa bakuli jingine. Rangi walipaka ile ile ya ukili wa mikeka, nyekundu, kijani na zambarau. Masika ile jua lilikuwa la kubahatisha, kwa hiyo vitu vyao vilikaushwa juu ya uchaga wa jikoni kwa Johari, na alfajiri watoto walikwenda kuvigusa kwanza kama vimekauka, ndipo wakarudi kumwamkia mama yao.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililomuuma Mwamini kuliko yote.

Mtaani walidhani wanawake hawa wanagombea mume. Haikuwa hivyo. Sadala alikuwa na zamu zake, siku mbili huku na siku mbili kule, na siku nyingi zaidi alikuwa Mohoro kwenye mpunga wake. Mwamini angeweza kumwachia Johari zamu zote za mwaka na asikose usingizi. Lakini Johari hakujaliwa mtoto, na mwanamke asiye na mtoto alikuwa amekaa pale barazani amezungukwa na watoto watatu, na mwenye watoto alikuwa amesimama peke yake na kuku.

*

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa unga. Mwamini alikwenda kuteka maji akamkuta Johari anakoroga uji wa muhogo kwenye sufuria, na Faraja, binti wa kati, anapuliza moto.

"Unga wa kula huo, mwenzangu," Mwamini alisema.

Johari alijibu kwamba ni ule uliovujiwa na mvua, umeshashika ukungu, usingeweza kusongwa.

"Kuku wangekula. Watu wengine hawana hata huo wenye ukungu, wewe unabandika kwenye magazeti. Na kinu je? Kinu tunachotwangia kisamvu, leo kinatwanga mifuko ya saruji. Tutakula saruji mpaka lini?"

Johari alikuwa ameshakiosha kinu kwa majivu na maji ya moto, na angeweza kusema.  Badala yake, kesho yake alinunua makopa yake mwenyewe ya muhogo, akawa anatwangia kwenye kipande cha gogo alichokichonga shimo Ridhiwani. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa watoto walikuwa na kinu chao wenyewe, na walikitazama kwa fahari.

Jioni ya ugomvi ule Mwamini alipakua ugali na dagaa. Yasmin alimega tonge moja, kisha akasukuma sahani pembeni.

"Huli kwa nini?"

"Hii sehemu yangu nampelekea mama mdogo, atengenezee gundi. Wewe si umemnyima unga?"

Kaka yake akamkanyaga mguu. Mwamini alicheka, kicheko cha kumaliza maneno, akasema mtoto huyu ana vituko. Alipobaki peke yake akaila ile sehemu mwenyewe, yote, ingawa alikuwa ameshiba.

*

Sadala alikuja siku ya Jumatano na matope ya bonde miguuni. Aliita wake zake wote wawili, akakaa kwenye kigoda katikati ya ua, na akaeleza mambo yake bila kuzunguka. Mpunga unatoa masuke, ndege ni wengi mwaka huu, kibanda kimeshaezekwa. Johari atahamia Mohoro kuamia ndege, na baada ya mavuno atabaki huko huko kulitunza shamba. Wataondoka Jumamosi.

"Na Yasmin aende naye," akasema. "Shule ipo karibu pale. Lile neno tulitimize."

Hakuna aliyeuliza neno gani. Yasmin alipozaliwa, Mwamini alilala mahututi, na Johari ndiye aliyemwogesha mtoto, akamlea, akamuuguza na mama yake. Siku ya arobaini, mbele ya wanawake wa mtaa na wazee wa ukoo, Mwamini alimpakatisha Johari yule mtoto akamwambia, huyu wako, akikua atakutekea maji. Alisema kwa shukrani, na alisema kwa moyo wote. Kwao neno la namna hiyo aliyelitoa halirudishi. Akilirudisha, watu wanasema mtoto ndiye atakayelilipia kwa maradhi.

Mwamini alitazama chini. "Si bado mdogo, Baba Ridhiwani?"

"Ana miaka sita. Wewe mwenyewe ulikwenda kwa shangazi yako na miaka minne."

"Sawa," Mwamini akasema. "Mimi nina lipi."

Upande wa pili wa ua Yasmin alikuwa anasikia. Akaanza kuruka kwa mguu mmoja, akiimba Mohoro, Mohoro. Kila aliporuka mama yake alihisi kama anarukwa yeye.

Johari alimwita mtoto akamkataza kuimba. Hilo nalo Mwamini alilichukia. Alijiona anahurumiwa na mtu aliyeshinda.

*

Ijumaa asubuhi Mwamini hakwenda stendi. Alingoja mpaka Johari alipotoka kwenda kuaga majirani, akaingia jikoni kwake. Alijiambia anataka kuona tu hao watoto wanachokipenda. Kwenye uchaga palikuwa na gari bila magurudumu, kiboko wa karatasi wa Ridhiwani aliyepasuka mgongo, na bakuli moja kubwa jekundu. Ukingoni mwa bakuli, kwa herufi za kupinda za mtu anayejifunza kuandika, palikuwa na jina la Yasmin na jina la Johari.

Lake halikuwapo. Alilizungusha bakuli lote kulitafuta.

Alipoligeuza juu chini ndipo akaona. Sehemu ya kitako haikuwa imepakwa rangi, na pale, ndani ya gundi iliyokauka, palikuwa na kipande cha karatasi ngumu kikubwa kama kiganja. Juu yake palikuwa na maandishi ya Kiarabu.

Mwamini alisoma chuoni utotoni mpaka juzuu ya amma, akajua kuisoma kwa kichwa. Herufi alizifahamu, lakini maana yake hakuifahamu, kama wenziwe wote aliosoma nao. Alichojua ni kile anachokijua kila mtu wa pale, kwamba maandishi yale yakianguka huokotwa, yakichakaa huzikwa au hutiwa kwenye maji yaendayo. Hayachanwi, hayatwangwi, hayashikwi na watoto wenye mikono michafu. Hofu ilimpata, hofu ya kweli kabisa. Na chini ya hofu, kwa kasi ambayo baadaye ilimtia haya, ilikuja furaha.

Mwanamke aliyetwanga maneno ya Mungu hapewi mtoto wa mtu kumlea. Hapo neno la arobaini lingeanguka lenyewe. Yeye asingekuwa amelirudisha.

Alitia udhu. Alilifunga bakuli kwa kitambaa cheupe, akalibeba kifuani, akatoka. Jirani yake Bi Zaituni alimuuliza amebeba nini, naye akafunua kidogo. Bi Zaituni akaweka mkono mdomoni. Mpaka anafika kwa mwalimu wa chuo walikuwa wanawake sita nyuma yake, na mmoja alikuwa akilia.

*

Mwalimu Abdulrazaq alikuwa ametoka kuswalisha Ijumaa na watu hawajatawanyika. Sadala alikuwa miongoni mwao. Johari aliitwa, akaja na Yasmin ameshika kanga yake. Mwamini aliyaona hayo, mtoto ameshika kanga ya nani, na yakamkaza moyo aseme.

Alisema vizuri. Hakupaza sauti. Alieleza alivyokuwa akipiga kelele tangu mwanzo kuhusu kinu na unga na hakusikilizwa, na leo amekuta haya, na hana nia mbaya na mtu, ila mtoto ni amana, nani atamtia mtoto kwenye mikono hii. Wanawake nyuma yake wakaitikia.

Mwalimu akamuuliza Johari kama anaijua karatasi ile.  Johari alisema karatasi zilikuwa nyingi, watoto waliokota huku na huku, yeye kusoma herufi hizo hajui sana. "Kama nimekosa nitatubu, mwalimu. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Hata yeye aliamini amekosa.

Mwalimu alinawa mikono, akavaa miwani, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Alilisogeza kwenye mwanga. Alisoma kwa sauti, Kiarabu chake kizuri alichokipata Unguja, na Bi Zaituni akainamisha kichwa akasema subhanallah. Mwalimu akasoma mara ya pili, kimya. Kisha akavua miwani.

"Mama Ridhiwani, umeshamwonyesha nani hii kabla yangu?"

"Hao waliofuatana nami tu, mwalimu."

"Ni wengi." Akashusha pumzi. "Hapa juu pameandikwa tende. Hapa chini, wekeni pakavu, mbali na jua."

Hakuna aliyecheka mara moja.

"Ni boksi la tende tulizogawa hapa msikitini Ramadhani," mwalimu akaendelea, naye alitamani asiendelee. "Kila nyumba ilipata. Na kwako lilikwenda moja."

Ndipo kijana mmoja nyuma akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita kwenye uwanja. Mtu akauliza kama tende hizo nazo zinataka udhu. Yule mwanamke aliyekuwa analia alijifuta machozi, akamtazama Mwamini kama mtu aliyeibiwa.

Mwalimu alimrudishia bakuli Yasmin. Akasema ni kazi nzuri, nene, haivuji, akawaambia watu wakale.

*

Walirudi nyumbani wakifuatana mmoja mmoja, Sadala mbele. Alipoingia uani hakukaa.

"Mfungie mtoto nguo zake," alimwambia Mwamini. "Hatungoji kesho. Umeniaibisha mbele ya watu ninaoswali nao, umemwaibisha mwenzako, umejiaibisha na wewe. Leo leo anakwenda."

Mwamini aliingia chumbani. Alitoa magauni mawili ya mtoto, akayakunja, akayakunjua, akayakunja tena. Alipotoka nayo Johari alikuwa amesimama mlangoni pake, mahali ambapo kwa miaka tisa hakuwahi kusimama bila kubisha hodi.

"Dada, ungeniambia tu."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba humtoi."

"Neno nililitoa mbele ya watu. Ningelirudishaje? Lingempata mtoto."

"Ndiyo ukaona bora mimi nitwange Kurani."

Mwamini alikaa kizingitini na magauni mapajani. Watoto walikuwa wanamtazama, mume anamtazama, na alikuwa amechoka kuliko siku zote za stendi.

"Nakuonea wivu, Johari," akasema. "Basi. Nakuonea wivu. Mimi nimewazaa na kuwalisha kwa jua la barabarani, nikirudi wanakuuliza wewe kama wakamue tena. Nimelizungusha lile bakuli lote natafuta jina langu."

 Johari alipojibu, Sadala alijikuta anatazama pembeni, maana hakuwahi kumsikia mkewe akisema maneno mengi namna hiyo.

"Na mimi unadhani nakuonea nini? Unajua kwa nini nilianza kazi ya karatasi? Nilitafuta kitu kisichokauka upesi, ili watoto wakae. Lakini jioni unawaita. Unasema njooni mle, hata kwa sauti kubwa huiti, na wanaondoka wote, hata yule aliyekuwa anacheka nami wakati huo huo. Kila jioni. Nabaki naosha ndoo. Usiku wakiugua hawaniiti mimi. Umezungusha bakuli siku moja. Mimi ni miaka tisa nazunguka ua huu."

Kisha akamgeukia mumewe. "Baba, nitakwenda peke yangu."

Sadala akasema neno la wazee halichezewi.

"Sichezei. Aliyelitoa hawezi kulirudisha, lakini aliyepewa ni mimi. Nalirudisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na mtoto hatadhurika. Simtaki mtoto wa kuchukuliwa namna hii. Nitakaa naye Mohoro, na kila akiwa kimya nitajua anamfikiria nani."

Sadala aliwatazama wote wawili. Akaenda nyuma ya nyumba kutafuta jembe ambalo hakulihitaji.

*

Johari aliondoka Jumamosi na gari la saa tatu. Yasmin alililia gari mpaka likapotea, akageuka, akapita mbele ya mama yake kama anapita mbele ya nguzo.

Stendi Mwamini alipata jina. Wauza machungwa walimwita Mama Tende. Alijibu siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu akaacha kujibu, na jina likabaki. Nyumbani Ridhiwani na Faraja walisahau upesi kama watoto wanavyosahau, lakini mdogo wao alikula kidogo, akalala ameugeukia ukuta, na maneno aliyompa mama yake yalikuwa ndiyo na hapana. Mwamini alikuwa amebaki na mtoto aliyemtaka. Mara mbili alijiuliza kama hajabaki na gauni tu.

Siku ya tano mvua ilizuia biashara, akakaa nyumbani. Yasmin alikuwa kwenye baraza tupu ya Johari, anachana daftari la zamani la Ridhiwani, peke yake. Mwamini alimtazama kwa muda mrefu kutoka mlangoni kwake. Kisha akaingia ndani, akapima unga, ule mzuri wa kusonga, usio na ukungu. Akauchemsha uji. Akauchukua na sufuria yake, akavuka ua kwenye matone, akakaa chini kando ya mwanawe bila kualikwa.

Mtoto aliutazama uji. Alichovya kidole.

"Mwepesi huu," akasema.

Mwamini akasema atauongeza unga. Akaanza na yeye kuchana karatasi, vipande vikubwa vikubwa, na mikono ikienda mdomo nao ukaenda: kwamba mvua hii ikiendelea barabara itakatika, kwamba Yasmin amejaa matope, kwamba wakimaliza waoge, kwamba Idi ya kuchinja watapanda gari wote waende Mohoro wakamsalimie mama mdogo, kama baba atakubali, na asipokubali watakwenda tu.

Yasmin alikichukua kile kipande kikubwa mkononi mwa mama yake, akakigawanya mara mbili, na mara mbili tena, akamrudishia.

"Mama mdogo akifanya hii kazi haongei," akasema.

Mwamini akafunga mdomo. Akachana ndogo ndogo, kama alivyoonyeshwa.